Uchafu wa Mboga Huanzia Bustanini



Mtu akiharisha hapa Rumonge, lawama humwangukia mama jikoni: hakuosha mboga. Sisi tunasema, tuanzie bustanini.

Kipindupindu kilipozuka mwaka 1992, wachunguzi walikikuta kijidudu chake katika maji ya Ziwa Tanganyika. Maji yenye kinyesi yakimwagiwa lengalenga au kabeji, vijidudu vya kuharisha na vya homa ya matumbo hushika majani. Jua kali huua vingi kwa siku chache, lakini si vyote. Vilivyo kivulini chini ya jani au ndani ya michubuko hubaki, na mvua hurusha vingine kutoka udongoni. Kuosha hakuviondoi vyote. Moto ndio huviua. Kwa hiyo kabeji mbichi ina hatari kuliko sombe iliyochemka. Hata Marekani, mwaka 2006, spinachi mbichi iliwaletea ugonjwa watu karibu 200, na wengine wakafa.

Basi tumwagie maji shinani, si juu ya majani. Tuache kumwagia siku chache kabla ya kuvuna. Samadi ioze kwanza.

Lakini mchumaji asiye na choo shambani afanye nini? Mwenye bustani asiye na bomba achote wapi? Kosa si lao. Tudai choo na maji safi katika kila shamba, la michikichi na la mboga. Choo ni haki ya mfanyakazi kama ulivyo mshahara.

Umoja ni nguvu!