Ukiritimba wa Dawa Nao Ung'olewe

Wananchi walipopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, hata kikafutwa Desemba 1991, hawakudai tu haki ya kuchagua kati ya vyama. Waliukataa ukiritimba wenyewe: kwamba mmoja aamue na wengine wote walipe. Ukiritimba huo ungali hai katika maduka ya dawa, na wanaoumia zaidi ni wale ambao maradhi yao hayatajwi hadharani.

Tunazungumzia uvimbe wa kudumu wa matumbo, ambao madaktari huugawa katika aina mbili kuu: ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Mgonjwa huharisha, mara nyingi kwa damu, husokotwa na tumbo na kukonda. Dalili hizo hufanana na za amiba na za kifua kikuu cha matumbo, hivyo yawezekana mtu akatibiwa maradhi asiyo nayo kwa muda mrefu. Hapa Kikopey, ambapo nyama choma ya kando ya barabara kuu ndiyo riziki ya wengi, ni rahisi mwenye tumbo kuambiwa kwamba amedhuriwa na alichokula. Naye huona haya, akanyamaza. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Ugonjwa huu hutulizwa kwa dawa za mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu bei yake ni suala la uhai. Lakini bei ya juu si amri ya Mungu. Sulfasalazini ni dawa kongwe, iliyotokana na kazi ya daktari Nanna Svartz wa Uswidi kabla ya miaka ya 1950. Mwaka 1977 watafiti wa Oxford, akiwemo A. K. Azad Khan wa Bangladesh, walionyesha kwamba sehemu yake inayoutibu utumbo ni mesalazini, dawa ambayo leo huuzwa peke yake kwa bei iliyo juu zaidi. Kwa wengi wenye vidonda vya utumbo mpana visivyo vikali, dawa hiyo kongwe yaweza kufaa. Haimfai mwenye mzio wa salfa, na anayeitumia huhitaji asidi ya foliki na vipimo vya damu. Azathioprini nayo ni ya zamani, lakini isimezwe bila damu kupimwa mara kwa mara. Prednisoloni hutuliza upesi, ila si dawa ya kutegemewa miaka nenda miaka rudi. Hata infliksimabu, sindano ya wenye ugonjwa mkali, imepata washindani: Ulaya iliidhinisha ya kwanza iliyofanana nayo mwaka 2013. Tunasisitiza: asiwepo wa kubadili au kuacha dawa bila kauli ya daktari wake. Tunachodai ni kwamba daktari na mgonjwa waijue njia nafuu iliyopo.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inaruhusu kuagizwa kwa dawa yenye hataza kutoka nchi inakouzwa kihalali kwa bei nafuu. Aprili 2012, katika kesi ya Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 vilihatarisha haki ya wagonjwa kupata dawa zisizo na jina la kibiashara. Watu watatu walioishi na virusi vya UKIMWI walisimama mbele ya dola, wakasikilizwa.

Kwa dawa kongwe tulizozitaja, hata hataza si kikwazo tena. Kikwazo ni jina la kibiashara katika karatasi ya daktari, na rafu ya hospitali ya umma isiyokuwa na dawa hizo.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, daktari aandike jina asilia la dawa, na mgonjwa aelezwe iliyo nafuu. Pili, dawa hizi zitajwe wazi katika mafao ya Mfuko wa Dharura, Maradhi Sugu na Mahututi ulioundwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Tatu, kaunti ya Nakuru na hospitali za makanisa zinunue kwa pamoja. Njia hii si ngeni: mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti wa Kenya waliunda MEDS, inayonunua dawa kwa wingi, ikapima ubora wake na kuzisambaza kwa hospitali za misheni.

Makanisa ya Bonde la Ufa yanajua gharama ya kusema. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru hakunyamaza wakati wa mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mimbari iliyotetea walioteketezewa nyumba yaweza pia kumtetea anayeuza ng'ombe wa mwisho anunue vidonge. Kila parokia na kila tawi la wanamageuzi liwaulize wagonjwa wake wanalipa kiasi gani na kwa dawa ipi, kisha majibu yafikishwe kwa mwakilishi wa wadi na kwa bunge la kaunti kabla bajeti haijapitishwa. Wakikataa kutusikia, mlango wa mahakama uliofunguliwa mwaka 2012 haujafungwa.