Mhuri Ni Shahidi Mmoja

Oktoba 2025 bei ya fedha duniani ilivuka dola 50 kwa aunsi. Bei ikipanda hivyo, furungu na vikuku vya mabibi zetu hutolewa sandukuni kwenda kuuzwa, na mnunuzi huuliza kwanza: "Kina mhuri?" Kikikosa, hununuliwa kwa uzani na kuyeyushwa.

Kwa chombo cha Kiingereza suali hilo ni la haki. Simba anayetembea ni shahidi wa fedha ya 925 katika 1,000. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi hutaja mwaka. Lakini E.P.N.S. maana yake fedha imepakwa juu tu.

Masonara wa kale wa Pwani na Omani aghalabu hawakupiga mhuri. Wengi waliyeyusha reale za Sham, zenye fedha kama 833 katika 1,000. Na reale yenyewe isitughuri: imeandikwa 1780, ila iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hata karne ya 20. Haithibitishi umri wa mkufu uliotungiwa. Nami nikionyeshwa "chombo cha kale cha Lamu" chenye chapa ya 925, hushuku zaidi, situlii.

Basi, wasomaji wapenzi, tutazame kazi ya mkono, na pete za kuungia zilivyolika kwa kuvaliwa. Tumwulize sonara mzee kabla ya kwenda kwenye mizani. Mhuri ni shahidi mmoja tu, na kilichokwisha yeyushwa hakirudi kuwa furungu.