Sista si mchoyo wa dawa

Tuongee ukweli, wasee. Ukilazwa Nairobi hii, iwe hospitali ya bei za huku kwetu Lavington ama Kenyatta, kuna uwezekano karatasi yako ya dawa itakuwa na herufi tatu: PRN. Ni Kilatini, pro re nata. Maana yake dawa utapewa haja ikitokea. Haina saa maalum.

Sasa shida inaanzia hapo. Daktari akiandika tu "parasetamoli PRN" akaenda zake, amemwachia sista kitendawili. Kipimo gani? Baada ya saa ngapi? Ya maumivu ama ya homa? Mtu mzima hafai kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500. Na kama tayari unapewa nyingine kwa ratiba, ama mathe amekuletea Panadol kwa mkoba (tunawajua), hesabu imeharibika na anayeumia ni ini lako.

Kwa hivyo sista akikuuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, usimkunjie uso. Akirudi baadaye kuuliza kama dawa imeshika, hiyo pia ni kazi yake.

Madaktari nao waandike agizo kamili. Saa nane usiku, sista mmoja na wodi nzima, eti aanze kukutafuta kwa simu?

Na wewe ulie kitandani, acha hii mambo ya kuvumilia kishujaa. PRN haiji yenyewe. Ita sista, mwambie inauma wapi na tangu saa ngapi.