Mkono wa Muhamadi Kijuma



Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya khati, yaani ufundi wa kuandika kwa mkono mzuri, na mtu tuliyemchagua ni Muhamadi bin Abubakari wa Lamu, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kijuma. Alizaliwa yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Yamkini vijana wetu wa Horohoro, Duga na Moa hawajapata kulisikia jina hili, ingawa Lamu na kwetu ni pwani moja, na mpaka uliopo mlangoni petu ni wa juzi tu ukilinganishwa na umri wa ujirani wetu.

Kijuma alikuwa fundi wa kazi nyingi. Alichonga milango, alitunga mashairi, alizijua ngoma za kwao na vyombo vyake. Lakini kilicholivusha jina lake bahari ni kalamu. Alikaa akazinakili tenzi za kale za Waswahili, moja baada ya moja: Utendi wa Fumo Liyongo, ambao nakala yake mashuhuri ni ya mwaka 1913, na Utendi wa Mwana Kupona, wasia ambao bibi huyo, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake mwaka 1858. Nyingi ya kazi hizo hazikuwa tungo zake. Sehemu yake ilikuwa kuzitia katika karatasi kwa namna ambayo asomaye asikosee.

Na kutokosea si jambo dogo. Lugha yetu ina irabu tano, hali herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu fupi. Dhuma moja yasomwa u na yasomwa o, basi kuku na koko huandikwa sawasawa. Tena Kiarabu hakina p wala v. Wazee wakaandika b mahali pa p, na f mahali pa v, hata asiyejua maana akashindwa kutambua kama mtu alipata kitu ama alinunua bata, kama alikwenda kuvua ama kufua. Waandishi hodari waliongeza nukta na alama zao ili kuondoa shaka. Kwa hiyo mwandishi wa tenzi hakuwa kama mashine ya chapa. Ilimpasa aifahamu lugha, aijue mizani, na moyoni mwake ausikie utenzi ukiimbwa, ndipo mkono wake uandike sawa.

Walioagiza kazi zake kwa wingi walikuwa wageni. Bibi Alice Werner alifika pwani yetu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. William Hichens aliandikiana naye barua. Ernst Dammann alikuwako Lamu mwaka 1936. Kijuma akawanakilia kwa malipo, kama fundi yeyote alipwavyo. Leo hati zake zimo London, Hamburg na Berlin. Wako wanaosema kuwa tumeporwa. Sisi twaona lawama hiyo ina upande wa pili: karatasi zilizonunuliwa zingali zasomeka, na swali gumu ni zile zilizobaki majumbani mwetu ziko wapi.

Mfano wa mbali utatusaidia hapa. Huko China, Wang Xizhi, aliyeishi katika karne ya 4, ndiye ahesabiwaye kuwa bwana wa khati kupita wote. Maandishi yake mashuhuri aliyaandika mwaka 353, katika mkusanyiko wa watu wenye elimu kando ya kijito mahali paitwapo Lanting. Ni mistari 28 tu. Na ajabu ni kwamba haikusalia hata karatasi moja inayojulikana kwa yakini kuwa ni ya mkono wake. Yasimuliwa kuwa asili ya maandishi hayo ilizikwa pamoja na mfalme Taizong, aliyefariki mwaka 649 na aliyeyapenda mno. Lakini mfalme huyo huyo alikuwa amewaamuru waandishi wake wanakili, na wengine wakanakili nakala. Mkono ulioza, umbo la herufi likabaki, na Wachina wangali wanajifunza kwalo.

Kwetu vilevile palikuwa na mikono mikubwa kabla ya Kijuma. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamechongwa katika jiwe la matumbawe maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Huko Siyu, katika karne ya 18 na ya 19, iliandikwa misahafu iliyopambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, juu ya karatasi zilizokuja kwa majahazi. Na Tanga hapa hapa, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi vya mwaka 1888 na 1889. Hati ya utenzi huo ilihifadhiwa, ndiyo maana J.W.T. Allen aliweza kuufasiri, ukachapishwa katika miaka ya 1950.

Sasa twaja kwenye jambo linalozihusu nyumba zetu. Msahafu uliochakaa hautupwi jalalani. Wanavyuoni wameelekeza uzikwe mahali safi au uchomwe kwa heshima, na Seyyidna Uthman aliamuru kuchomwa nakala zilizotofautiana. Hilo halina ubishi. Ila adabu hiyo twaiona ikitumiwa kwa kila karatasi yenye herufi za Kiarabu: utenzi, barua ya babu, hati ya shamba, dawa za mganga, vyote huingia shimo moja kwa sababu mjukuu hawezi kusoma na aogopa kukosea. Hofu yake ni njema, lakini yafaa apate wa kumsomea kwanza. Msahafu wenyewe nao, kabla ya kuzikwa, utazamwe ukurasa wa mwisho, kwani hapo aghalabu mwandishi huweka jina lake, tarehe ya Hijria, na jina la aliyeandikiwa. Picha ya simu yatosha kuuhifadhi ukurasa huo.

Karatasi zisizozikwa ziwekwe pakavu, mbali na mchwa, zisibandikwe gundi ya plastiki, wala zisikunjwe upya penye mkunjo wa zamani. Mwenye kutaka kuzipeleka kwa wajuzi, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa za Zanzibar zote mbili zina hazina ya hati za namna hii.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutaeleza jinsi walimu wa chuoni walivyotengeneza wino kwa masizi, na jinsi ya kuichonga kalamu ya mwanzi.