Mwezi Uandikwe kwa Jina

Ninaandika kupinga alama moja ndogo: ule mkwaju unaotenganisha namba tunapoandika tarehe. Andika 9/10/1962 kisha uwape watu wawili. Mganda ataona Siku ya Uhuru wetu, tarehe 9 Oktoba. Mmarekani, ambaye kwao mwezi hutangulia siku, ataona tarehe 10 Septemba. Wote wawili wamesoma sawasawa kama walivyofundishwa, na hakuna atakayeshuku kwamba mwenzake ameona siku nyingine. Hoja yangu ni fupi: karatasi yoyote inayoweza kusomwa na mtu wa nchi nyingine iandikwe mwezi kwa jina, si kwa namba.

Jibu la kwanza ninalolisikia hapa Arua Hill ni kwamba kila mtu anajua siku hutangulia. Kwa majirani zetu ni kweli. Ukivuka mpaka wa Vurra kwenda Aru na Ariwara, Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa huanza na siku kama sisi. Ukipita Koboko ukavuka Oraba hadi Kaya, Sudan Kusini, ni vivyo hivyo. Lakini mkanganyiko haukupita mipakani. Umekuja na kompyuta. Programu nyingi tunazozitumia zimetengenezwa Marekani, na mtu asipozibadilisha huweka mwezi mbele. Nao mkoa wetu wa West Nile una makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule, ambako watu huandikwa na kuandikwa tena. Mwandikishaji anaweza kuwa Mganda, anayeandikwa Mkongomani, fomu imetoka Ulaya na programu imetoka Marekani. Tarehe moja inapita mikono minne.

Wengine husema makosa haya ni machache. Tuhesabu basi. Siku ikizidi 12 hakuna shida, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Zinabaki siku 12 za mwanzo katika kila mwezi, yaani 144. Toa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 7/7 na 8/8. Zinabaki 132. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka inaweza kusomwa kwa namna mbili!

Labda hatujashtuka kwa sababu sikukuu tunazozitaja kwa namba zimo katika zile 12 zilizo salama. Watanzania wana Sabasaba na Nanenane, Wakenya wanaikumbuka Sabasaba ya 1990, na Siku ya Kiswahili Duniani nayo ni 7/7. Hizo hata uzigeuze hazibadiliki. Lakini geuza siku za uhuru uone. Uhuru wa Sudan Kusini, 9/7/2011, unahamia Septemba. Uhuru wa Tanganyika, 9/12/1961, unahamia Septemba pia. Uhuru wa Rwanda na Burundi, 1/7/1962, unarudi nyuma hadi Januari.

Taifa haliwezi kupoteza siku yake ya uhuru kwa ajili ya mkwaju. Mtu wa kawaida anaweza kupoteza yake ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa 3/11 akiandikwa tarehe 11 Machi ameongezewa karibu miezi minane. Atakapofika miaka 18 atakuwa na karatasi mbili zinazopingana, na afisa atakayezishika hataona mkwaju, ataona mwongo. Wapo wakimbizi wengi walioandikwa Januari 1 kwa sababu siku zao za kuzaliwa hazikujulikana. Hao 1/1 yao haigeuki. Anayeijua siku yake ndiye aliye hatarini kuipoteza dirishani. Hiyo ni haki gani?

Sisi wanafunzi pia hatujapona. Mwenzangu mmoja aliomba ufadhili wa masomo kutoka shirika moja la nje. Tangazo lilisema mwisho wa kupokea maombi ni 9/10. Mganda gani ataiona 9/10 asiione sikukuu ya Uhuru? Alituma maombi yake mwishoni mwa Septemba akijiona amewahi, akajibiwa kwamba mlango ulifungwa tarehe 10. Alipoandika kueleza, hakujibiwa tena. Neno moja tu, Septemba, lingetosha kumwokoa.

Wenzetu wanaosoma kompyuta wana dawa yao: kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, kinachotaka mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku. Siwapingi. Mafaili yakiandikwa hivyo hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Lakini mama aliyeshika kadi ya chanjo hapangi mafaili, anataka kujua arudi lini. Tazama pasipoti. Kwa kawaida, katika sehemu inayosomwa na mtu, mwezi huandikwa kwa herufi. Chini kabisa, kwenye mistari ya mashine, huwa ni mwaka, mwezi na siku kwa namba tupu. Mashine imepewa yake na binadamu amepewa yake. Kwa nini fomu zetu zimnyime binadamu?

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ni zito kidogo: majina ya miezi hutofautiana. Agosti yetu kwa Kifaransa ni août, na asiyekijua hawezi kubahatisha. Nakubali. Lakini jina usilolijua hukufanya uulize, ilhali namba unayoidhania kuijua hukudanganya ukiwa umetulia.

Tena Kiswahili cha mdomoni kilishalimaliza jambo hili zamani. Tunasema tarehe tano mwezi wa nane. Ukipenda, sema mwezi wa nane tarehe tano. Hakuna kilichopotea, kwa sababu kila namba imetembea na jina lake. Kalamu ndiyo iliyoyatupa maneno "tarehe" na "mwezi wa" ili kuokoa nafasi, ikaweka mkwaju mahali pake. Mchuuzi wa Ariwara ambaye hajawahi kushika kalamu hutaja tarehe kwa usahihi kuliko fomu zetu.

Tuanze hapa chuoni. Matangazo ya chama chetu, karatasi za mitihani, barua za idara, risiti za ada, zote ziandikwe 5 Agosti, si 5/8. Walimu wetu wasahihishe mkwaju kama wanavyosahihisha upatanisho wa kisarufi. Na sisi tutakaoajiriwa kesho kwenye mashirika na ofisi za mipakani tukatae fomu yenye visanduku vya namba tupu, au tuandike jina la mwezi pembeni. Ni herufi chache tu, na wino upo.