Tusivikwamishe Vimeng'enya

Katika semina moja ya tafsiri, mwenzetu alipewa aya ya kemia kuhusu vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali bila zenyewe kumalizika. Aya ilieleza jinsi vinavyowekwa ndani ya vitundu vya dutu ngumu ili visisambae majini. Yeye akaandika "kukwamisha vimeng'enya". Darasa likaridhika. Mimi sikuridhika, na hadi leo siridhiki.

Kilichokwama hakifanyi kazi: gari hukwama, mradi hukwama. Kimeng'enya hiki kinafanya kazi, tena aghalabu kwa muda mrefu zaidi. Kikiwa kimeyeyuka majini ni vigumu kukipata tena baada ya shughuli, na joto likizidi hukunjuka kikaharibika. Kikiingia katika kitundu kinachokitosha, kuta hukisaidia kulinda umbo lake, nacho huchujwa na kutumiwa tena. Ila kitundu kikibana mno, malighafi haikifikii. Labda hapo ndipo neno la mwenzetu lingefaa.

Mwaka 1916 Nelson na Griffin walionyesha kuwa kimeng'enya kinachopasua sukari ya miwa, hata kikinata kwenye makaa, huendelea na kazi yake. Leo makaa yamepata mshindani, yaani viunzi vya metali na ogania, ambavyo vitundu vyake husanifiwa kwa kipimo. Kitagawa, Robson na Yaghi walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2025 kwa kuviasisi.

Habari ya makaa ilinirudisha kwetu Kisaju, ambako mama wa Kimaasai husugua ndani ya kibuyu kwa kijinga cha mzeituni mwitu kabla ya kutia maziwa. Si jambo lile lile, maana maziwa hayo hugandishwa na bakteria hai. Lakini aliyekiona kibuyu hicho hapati taabu kuelewa kwamba kitu kinaweza kushikwa na ukuta na bado kikafanya kazi.

Napendekeza "kupachika", na nomino yake "upachikaji". Wapo watakaotaka "kutuamisha". Kwangu neno hilo linanuka dimbwi. Wala tusiilaumu Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI. Ilitoka mwaka 1990, mwaka mmoja tu baada ya Robson kuchapisha kazi yake ya mwanzo kuhusu viunzi hivyo. Pengo hili ni letu, na semina ijayo ingefaa ifanyike maabara, tukiwa na wanakemia wenyewe, kabla hatujafungua kamusi yoyote.