Ndege nyuki haiwezi kuuliza kibali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu juu ya polisi na askari wa doria kutumia ndege zisizo na rubani, ambazo wengi tunaziita ndege nyuki.

Huko Marekani, polisi wa mji wa Chula Vista, California, walianza mwaka 2018 kurusha ndege hizi mara wanapopigiwa simu ya dharura. Ndege hutangulia, na askari huona hali ilivyo kabla hawajafika. Hilo ni jambo jema.

Hapa nchini zimejaribiwa kufukuza tembo mashambani kando ya hifadhi za Tarangire na Serengeti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa mazuri. Huku kwetu Ugalla, watafiti walizirusha katika bonde la Issa kutafuta viota vya sokwe. Taarifa yao ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba picha za angani zilinasa sehemu ndogo tu ya viota vilivyohesabiwa na watu waliotembea kwa miguu. Miti huficha mengi.

Mimi ni mrina asali. Msimu ukifika huingia porini na baiskeli, shoka, kamba na moto wa kufukizia nyuki. Ukinitazama kutoka juu, sina tofauti na jangili: naye ana baiskeli, shoka na moshi. Niliwahi kukutana na doria. Askari waliniuliza, nikatoa kibali, tukaagana vizuri. Ndege nyuki ingeniona, lakini isingeniuliza.

Sisemi zisitumike. Pori ni kubwa mno, na jangili ni adui wetu sote. Ninachoomba ni mambo matatu. Kwanza, picha iwe sababu ya askari kwenda kuuliza, isiwe hukumu. Pili, serikali za vijiji zijulishwe kuwa ndege hizi zinatumika katika eneo lao, na ziwape askari orodha ya wenye vibali. Tatu, tuelezwe picha zinatunzwa na nani na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Wananchi wa vijijini nao waelimishwe. Hata huko Chula Vista suala la picha lilifika mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba si picha zote zinazoweza kufichwa kwa sababu ya upelelezi.

Askari mwenye ndege na mwanakijiji anayeujua msitu wakishirikiana, jangili hatapona. Wakitengana, atakayeumia ni mrina asali.

Mrina Asali,
Ugalla,
Mpanda.